Mtungi wa Wenye Kiu

Asubuhi ile Constantine Luhaga aliondoka Bariadi kama siku nyingine yoyote ya msimu wa pamba. Alikunywa uji amesimama, akamwambia mkewe kwamba huenda angelala Mwanhuzi iwapo foleni ya kupakia ingekuwa ndefu, kisha akawasha lori. Alipopita mbele ya shule alimpigia honi mwanawe, Mihayo. Mtoto akapunga mkono, akakimbia kidogo pembeni ya barabara, vumbi likamfunika. Hapakuwa na ndoto mbaya usiku uliotangulia, wala ndege aliyelia vibaya juu ya paa. Ilikuwa siku tu.

Saa nne Mihayo alishikwa na tumbo darasani. Mama yake, Milembe, alimbeba mgongoni hadi alipopata bodaboda, na mchana ule wakawa hospitalini. Daktari alimpapasa mtoto, akasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe haraka. Akamwonya mama: asipewe kitu mdomoni. Chakula hapana. Hata tone la maji.

Jua lilikuwa la kuchoma. Mihayo alikuwa na homa, midomo imempasuka, na kwa vile alikuwa na maumivu alirudi kwenye Kisukuma cha nyumbani.

"Mayu," alisema. Mama. "Minzi."

Maji.

"Subiri kidogo, ng'wanone, mwanangu," Milembe alimjibu. "Ukitoka mle ndani nitakupa kikombe kizima."

Chupa ya maji ilikuwa ndani ya mkoba wake. Mtoto alikuwa anaiona. Aliomba hadi sauti ikakauka, akaendelea kuomba kwa midomo tu, na akaingizwa chumba cha upasuaji akiwa bado anaomba. Alipotolewa alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni.

Constantine alifika jioni, nyuzi za pamba zimemganda nywelani. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, chupa ile mapajani mwake, haijafunguliwa.

Daktari hakukosea. Muuguzi hakukosea. Milembe naye hakukosea. Na labda ndiyo maana huzuni ile ilikosa mahali pa kwenda. Ilikaa nao ndani ya nyumba pale Somanda, mtaa wao wa Bariadi, ikala nao, ikalala katikati yao.

Baada ya matanga Milembe alikwenda Malampaka kwa bibi yake, Apolonia, aliyekuwa mzee sana na haoni tena. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga mbili. Akakifungua sebuleni. Ulikuwa mtungi wa kauri, mweupe, unafika magotini kwa mtu mzima, umechorwa kwa rangi ya bluu joka lenye miguu na makucha linalojizungusha kuanzia chini hadi shingoni. Ulikuwa na kifuniko chake. Constantine alikuwa akisikia habari zake tangu alipooa, lakini hakuwahi kuuona nje ya chumba cha bibi.

"Kanipa," Milembe alisema. "Amesema sasa ni zamu yangu."

Jioni ile alimsimulia mumewe alichosimuliwa. Zamani za misafara, babu wa Bibi Apolonia, aliyeitwa Ngassa, alikuwa mpagazi. Yeye na mdogo wake walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na wakati wa kurudi Ngassa alipewa mtungi ule aubebe kichwani. Ulitoka Uchina, na ndani yake yalikuwamo maji ya kunywa ya mwenye msafara, mdomo umezibwa kwa nta. Aliambiwa asiufungue. Walipofika kwenye ile nyika ya Ugogo waliyoiita Mgunda Mkali, visima vilikuwa vimekauka. Mdogo wake alianguka njiani. Aliomba maji. Ngassa alikuwa na maji juu ya kichwa chake, anayasikia yakichezacheza, na hakufungua nta, kwa sababu alikuwa ameambiwa asifungue. Mdogo wake alikufa akiutazama ule mtungi. Mwenye msafara alipofika mwisho wa safari hakutaka tena kuuona. Akamwachia Ngassa.

"Tangu hapo hauachwi mkavu," Milembe alisema. "Bibi anasema wanaokufa na kiu huenda pale penye mtungi."

Constantine alikuwa mwanakwaya na mtu wa kanisani. Alifungua mdomo ili amkanye. Akauona uso wa mkewe. Ulikuwa umelegea, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akafumba mdomo.

Milembe aliuweka mtungi kwenye kona ya sebule, akaujaza.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Milembe alianza kupika tena. Alianza kufagia uwanja, kusalimiana na majirani, na siku moja Constantine alimsikia akicheka peke yake sebuleni. Hakumuuliza anacheka nini. Mwanaume aliyemkosa mkewe kwa miezi hamuulizi amerudi kwa njia gani.

Kisha ikaja siku moja ya kiangazi, saa nane, jua likiwa utosini. Lori lilikuwa gereji. Constantine alikuwa amejilaza chumbani, mlango uko wazi, nyumba kimya. Milembe alikuwa nje akianua nguo; alimwona kupitia dirisha.

Akasikia mtu anakunywa maji.

Ilikuwa sebuleni. Gu, gu, gu. Unywaji wa pupa, wa mtu asiyepumzika kuvuta pumzi. Ukakoma. Pakasikika pumzi ndefu ya mtu mdogo. Gu, gu, gu.

Constantine alitoka taratibu. Sebule ilikuwa tupu. Kifuniko cha mtungi kilikuwa sakafuni, kimelazwa vizuri, kama mtoto aliyefundwa anavyolaza sahani. Akachungulia ndani. Maji yalikuwa yamebaki chini kabisa. Uso wake ulikuwa bado unatikisika.

Milembe aliingia na beseni la nguo kichwani. Akautazama mtungi, akamtazama mumewe. Hakushtuka.

"Leo amekunywa haraka," alinong'ona. "Jua ni kali."

Tangu siku hiyo Constantine hakupenda kukaa nyumbani mchana. Alisali. Alimleta katekista, Elia, akaombea nyumba na kunyunyiza maji ya baraka kila kona. Milembe alipiga magoti na kujibu sala zote kwa unyenyekevu. Walipomaliza aliinuka akaenda kuchota maji.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Mabomba yalitoa maji kwa zamu, kisha yakaacha, watu wakawa wanakwenda kuchimba mchangani mtoni. Milembe alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi. Mtungi ulikuwa unaisha kabla hajageuka. Mwili ukamwisha, macho yakaingia ndani.

"Mtoto mmoja hawezi kunywa hivyo," Constantine alimwambia, akajisikia aibu kwa kusema kama mtu anayekubali.

"Hayuko mwenyewe." Milembe alitazama kona. Akashusha sauti zaidi. "Anasema wako wengi. Wanatoka mbali. Anasema wale wakubwa wanamsukuma."

Constantine alisogea mbali na kona.

Kingine kilichomtia hofu kilikuwa nje ya nyumba. Wanawake mtoni walikuwa wameanza kusogea Milembe akifika. Walihesabu ndoo zake kwa macho. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba mvua haiwezi kunyesha wakati kuna mtu anayaficha mawingu ndani ya chungu. Mwingine akaongeza kwamba hata mtoto wake alimla mwenyewe. Constantine amezaliwa huku. Alijua maneno ya namna hiyo yanaanzia wapi na huishia mlangoni kwa nani, watu wakiwa na mapanga.

Alipofika Sadick, basi, ilikuwa kama kafunguliwa mlango.

Sadick ni mfanyabiashara wa vyombo na mazulia pale mjini, na mara nyingi huenda Guangzhou, Uchina, kufunga mzigo. Alikuja kumlipa Constantine kazi ya usafirishaji, akakaribishwa kiti, na macho yake yakagota kwenye kona. Hakuigusa chai.

"Kaka Constantine," alisema mwishowe, "mfano wa huu nimeuona nyuma ya kioo, na askari amesimama pembeni. Unajua kuna watu wanapanda ndege kuja kushindania kitu kama hiki mnadani?"

"Unaweza kuupeleka huko?"

"Vibali vikipatikana, naweza."

"Uupeleke mbali," Constantine alisema. "Bei ni yako kujua. Mimi nataka uende mbali tu."

Alimshawishi Milembe aende kupumzika kwa dada yake Martha kule Kalemela, ziwani, ambako maji hayahesabiwi. Alimwahidi kwamba mtungi ataujaza yeye mwenyewe. Akamsindikiza stendi, akamnunulia machungwa ya njiani. Kesho yake Sadick alileta boksi na magodoro ya sponji.

Walipouinamisha kumwaga maji, halikutoka tone. Constantine alikuwa ameujaza asubuhi hiyo.

Milembe aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kona ile. Constantine alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa matusi, hata kwa kupigwa. Hakupata chochote. Mkewe aliketi sakafuni, palepale mtungi ulipokuwa.

"Nani atamwekea maji?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza nani atafunga mbuzi.

Vibali vilichukua muda, wataalamu wakauchunguza, na hatimaye mtungi ukafika Hong Kong kwenye nyumba ya mnada. Siku ya kuuzwa Sadick alikuja Somanda asubuhi na simu yake kubwa, kwa sababu mnada ulikuwa unaonyeshwa moja kwa moja. Constantine hakutaka kuangalia. Milembe ndiye aliyevuta kigoda.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, watu wamekaa kwenye viti kama kanisani, wengine wameshika simu masikioni. Vikapita vitu vingi: bakuli la kijani, farasi wa udongo, picha ya milima iliyochorwa kwenye hariri. Kisha mtu mwenye glavu nyeupe akauleta mtungi na kuuweka juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheusi. Joka la bluu lilikuwa linang'aa. Chini ya taa zile ulionekana mdogo.

Mnadi akaanza. Mikono ikapanda. Akawa anasema haraka haraka kwa Kiingereza, Sadick akitafsiri bei, na Constantine hasikii bei, anamtazama mkewe.

Ndipo sauti ikakatika kidogo. Mnadi alikuwa amenyamaza.

"Mayu."

Ilitoka ndani ya simu. Ilikuwa nyembamba, imekauka.

"Mayu. Minzi."

Sadick aliitikisa simu kama inayoharibika. Lakini kule ukumbini watu walikuwa wanageuka kwenye viti vyao, wanatafuta mtoto. Mwanamke mmoja alichungulia chini ya kiti. Yule mwenye glavu alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye mtungi.

Milembe alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili. "Nipo," alikuwa anaiambia. "Nipo, ng'wanone. Nipo hapa. Baba yako yupo."

Ikatulia. Kisha, taratibu:

"Baba?"

Constantine hakuwahi kuisikia sauti ile siku ile hospitalini. Alikuwa Mwanhuzi, kwenye foleni. Watu walimsimulia tu. Sasa ilikuwa inamuuliza yeye, kutoka kule, kama mtoto aliyeamka gizani na hajui yuko chumba gani.

"Zuia," alimwambia Sadick. "Wapigie. Sema hatuuzi."

"Kaka, haizuiliki ikishaanza."

"Zuia!"

Sadick alipiga kwa simu nyingine. Ikaita. Ikaita. Kule ukumbini mnadi alitabasamu, akasema neno la kuwachekesha watu, wakacheka kidogo bila raha. Mkono ukapanda. Mwingine. Mwingine. Nyundo ikagonga meza.

Watu wakapiga makofi. Ikaletwa sanamu ya shaba.

Baada ya hapo Milembe hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomchoma Constantine kuliko yote. Alifua, alipika, alimtengea mumewe maji ya kuoga. Jioni walikaa pamoja uwanjani na alimshika mkono. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kukata tiketi, anasubiri tu gari.

Constantine alichelewa kugundua. Aliona midomo ya mkewe imepasuka, akadhani ni upepo wa kiangazi. Aliona anapeleka kikombe mdomoni kila wakati wa kula. Siku moja alikuta udongo chini ya kigoda chake umelowa, siku nyingine tena, na ndipo akaelewa kwamba maji alikuwa akiyamwaga. Alichukua kikombe, akakijaza, akapiga magoti mbele yake.

"Kunywa nikuone."

Milembe alimpapasa shavu. Kiganja kilikuwa kikavu kama jani.

"Nikinywa nitakosa njia," alinong'ona.

"Njia ya wapi?"

"Constantine. Wewe unajua ya wapi."

Alimbeba hadi kwenye gari, akamkimbiza hospitali. Walimtundikia maji ya mshipani. Constantine alipitiwa na usingizi kidogo kwenye benchi, akaamka akakuta mpira umechomolewa, matone yanadondoka sakafuni. Wakamfunga upya. Dada yake Martha akaja kutoka Kalemela, akalia, akambembeleza, akamkumbusha Mungu. Daktari alisema figo zimechoka, na kwamba wangejitahidi. Wote walijitahidi. Constantine alilowesha kitambaa akawa anampangusa midomo, na Milembe aliigeuza shingo ukutani kila mara, bila hasira, kama mtoto anayekataa dawa.

Mchana wa mwisho alifumbua macho.

"Wamesogea," alisema. "Wamempisha."

Constantine alimwita jina. Hakuitika.

Alizikwa kando ya mwanawe, na wakati wanashusha jeneza mvua ya kwanza ikaanguka. Ilinyesha kwa hasira, udongo mweusi wa mbuga ukawa ulimbo, ukashika viatu vya waombolezaji hadi wengine wakavivua na kuvibeba mkononi. Wale wanawake wa mtoni walikuwepo. Mmoja wao alilia kuliko ndugu.

Fedha za mnada ziko benki. Constantine hajazigusa. Alirudi kwenye lori, akaacha kwaya.

Msimu uliofuata Sadick alimfuata kijiweni kwa madereva. Hakumsalimia kwa vicheko kama kawaida yake. Alimvuta pembeni, nyuma ya matairi.

"Wale wa mnada wameniandikia," alisema. "Aliyenunua anauweka kwenye chumba cha maonyesho, ghorofa ya juu, ndani ya kabati la kioo. Wanauliza kama mtungi ulikuwa na udongo ndani wakati tunaufunga."

"Haukuwa na kitu."

"Nimewajibu hivyo. Wakatuma picha." Akatoa simu mfukoni. "Sikutaka kukuonyesha. Halafu nikaona ni dhambi kukuficha."

Constantine akapokea simu.

Ilikuwa sakafu ya marumaru nyeupe. Kuanzia mlangoni zilikuja nyayo za mtu mzima, peku, za matope meusi mazito. Zilikwenda moja kwa moja hadi mbele ya kabati la kioo, zikasimama. Hakukuwa na nyayo za kurudi. Alikuza picha. Mguu wa kushoto, kidole kidogo hakikugusa chini. Milembe alikijeruhi kwa jembe akiwa msichana, kikapona kimeinuka, na mtu pekee aliyekuwa akikikanda usiku kikiuma ni mumewe.

Akaisogeza picha juu kidogo. Kioo cha kabati kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Lakini upande wa huku wa kioo, juu ya marumaru, palikuwa na nyayo nyingine mbili. Hizi hazikuwa za matope. Zilikuwa za maji safi, ndogo, zimetoka ubavuni mwa kabati na kusimama mkabala na zile nyeusi, vidole vikigusana na vidole.

Constantine alikaa chini pale pale, kwenye mafuta na vumbi.

"Waambie wasifute," alisema. "Sadick, ndugu yangu. Waambie waache zilivyo."

Sadick alitazama pembeni.

"Wanafuta," alisema polepole. "Wanasema wanafuta kila asubuhi."